Msamaha na Masijala

Mwalimu hufuta ubao kila siku. Somo la hesabu likiisha, dasta hupita, na somo la historia huanza juu ya ubao safi. Lakini mwalimu huyo huyo anacho kitabu kingine asichoweza kukifuta, nacho ni rejista ya shule, iliyoandikwa kwa wino. Mwanafunzi akifukuzwa mwaka huu na kurudishwa mwakani, yote mawili yatabaki humo, na mkuu wa shule hana ruhusa ya kuchana ukurasa. Nimeanza na vitu hivi viwili kwa sababu watu wengi, wanapozungumza habari za mtu aliyepata kufungwa na kisha akasamehewa, hudhani kwamba serikali imepitisha dasta. Sivyo ilivyo. Msamaha hutangazwa uwanjani, mbele ya watu na bendi ya polisi, lakini wino hubaki masijala.

Katika kurasa hizi chache nataka kueleza jinsi kumbukumbu ya jinai inavyofutwa, au inavyoshindwa kufutwa, katika nchi zetu za Afrika Mashariki, na kwa nini jambo hili linaloonekana kuwa la mawakili linamhusu hata mkulima wa michikichi wa hapa Simbo.

Kwanza tuangalie wino wenyewe. Mtu akitiwa hatiani nchini kwetu, habari zake huandikwa mahali pasipopungua patatu. Mahakama huwa na jalada la kesi yake. Akifungwa, gereza huwa na kumbukumbu za kifungo chake. Polisi nao huwa na alama za vidole vyake. Siku anayotoka gerezani adhabu imekwisha, lakini hakuna hata moja kati ya kumbukumbu hizo tatu linaloondolewa. Miaka mingi baadaye, akitaka kazi fulani au safari ya ng'ambo, ataombwa cheti cha polisi cha kuthibitisha kwamba hana rekodi ya jinai. Vidole vitapakwa wino tena, alama zitalinganishwa na zile za zamani, na yaliyokwisha yatafufuka mezani pa mwajiri.

Je, Rais hawezi kuyafuta? Ibara ya 45 ya Katiba yetu ya mwaka 1977 inampa Rais uwezo wa kumsamehe mtu aliyetiwa hatiani, kwa masharti au bila masharti, kuahirisha adhabu, kuibadilisha iwe adhabu tahafifu, na kuifuta adhabu yote au sehemu yake. Uwezo huo umetumika mara nyingi, hasa katika sikukuu ya Uhuru na ile ya Muungano. Tarehe 9 Desemba 2017, kwa mfano, Rais John Magufuli alitangaza msamaha kwa wafungwa 8,157. Kati yao 1,828 waliachiwa huru, na 6,329 walipunguziwa muda wa vifungo. Ni jambo la huruma, na familia nyingi zilishangilia. Lakini msomaji akiisoma ibara ile polepole ataona kwamba haisemi mahali popote kuwa jalada liondolewe masijala. Aliyepunguziwa miaka mitatu amepunguziwa miaka mitatu ya kulala gerezani. Akiulizwa mwakani kama aliwahi kutiwa hatiani, jibu la kweli bado ni ndiyo.

Njia inayoiondoa hatia yenyewe ni rufani. Mahakama ya juu ikitengua hatia, mtu huyo kisheria huwa kama hakuwahi kutiwa hatiani. Lakini rufani ina muda wake. Kutoka mahakama ya wilaya kwenda Mahakama Kuu, hati ya rufani hutakiwa ndani ya siku 45, isipokuwa muda uongezwe kwa sababu ya kutosha. Tena rufani ni ya mtu anayesema hukumu ilikosewa. Haimfai mtu aliyekosa kweli, akaadhibiwa kwa haki, akatumikia adhabu yake, kisha akaishi vizuri miaka ishirini. Mtu wa namna hii, ambaye ndiye walio wengi, sheria yetu haina la kumwambia.

Historia inatuonyesha kwamba jambo hili si la wahalifu wa mitaani tu. Mwaka 1958 Mwalimu Julius Nyerere alishitakiwa mjini Dar es Salaam kwa kosa la kashfa, kwa sababu ya makala aliyoandika katika Sauti ya TANU akiwalaumu mabwana shauri wawili wa serikali ya mkoloni. Wakili wake alikuwa D. N. Pritt, Mwingereza aliyekuwa amekwisha kujulikana kwa kumtetea Jomo Kenyatta. Mwezi wa Agosti Nyerere alitiwa hatiani, akaamriwa kulipa faini ya shilingi 3,000 au kwenda jela miezi sita. Faini ikalipwa. Mwaka 1960 alikuwa Waziri Kiongozi, na mwaka 1961 Waziri Mkuu wa Tanganyika huru. Hatia ile haikumfungia mlango wowote. Kwanza ilikuwa faini tu. Pili, wananchi waliomchagua waliijua kesi yenyewe, tena wengi waliiona kuwa sifa kwake. Hakuhitaji kufutiwa kitu.

Mambo ya Kenyatta yalikuwa mazito zaidi. Tarehe 8 Aprili 1953, huko Kapenguria, hakimu Ransley Thacker alimtia hatiani kwa kuongoza Mau Mau, akamfunga miaka saba na kazi ngumu pamoja na Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Kung'u Karumba na Achieng Oneko. Mwaka 1958 Rawson Macharia, shahidi aliyekuwa nguzo ya upande wa mashitaka, alitoa kiapo kwamba ushahidi wake ulikuwa wa uongo. Mtu angetazamia kwamba hatia ile ingechunguzwa upya na kutenguliwa. Badala yake Macharia mwenyewe alishitakiwa na kufungwa kwa kiapo kile kipya, na hatia ya Kenyatta ikabaki palepale. Oneko naye alishinda rufani yake mapema, lakini hakuachiwa. Alitoka kizuizini mwaka 1961. Mahakama ilikuwa imemsafisha, serikali ikaendelea kumshika.

Kenyatta alipoachiwa mwaka 1961, wino wa Kapenguria ulimfuata. Sheria ya wakati ule haikumruhusu mtu aliyewahi kufungwa zaidi ya miaka miwili kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria. Chama chake cha KANU kilikuwa kimekwisha kushinda uchaguzi wa mwaka huo, lakini kiongozi wake alikuwa nje kwa sababu ya rekodi. Mwishoni mwa mwaka kikwazo hicho kiliondolewa. Kariuki Njiiri akamwachia kiti chake cha Fort Hall, na Januari 1962 Kenyatta akaingia barazani. Tazama lililofanyika: jalada halikuguswa. Kilichoguswa ni sheria iliyokuwa inalitumia jalada kama komeo la mlango.

Miaka kumi na mitatu baadaye komeo lingine lilifunguliwa, safari hii kwa namna isiyopendeza. Mwaka 1975 mahakama ya uchaguzi nchini Kenya ilimwona Paul Ngei, mmoja wa wale sita wa Kapenguria, kuwa na hatia ya kosa la uchaguzi. Kwa sheria iliyokuwapo hakuweza kugombea ubunge kwa muda wa miaka mitano, na uwezo wa Rais wa kusamehe haukufika kwenye makosa ya namna hiyo. Desemba mwaka huo huo Bunge likarekebisha Katiba ili uwezo huo ufike. Ngei akasamehewa, akarudi bungeni. Katiba ya nchi nzima ilibadilishwa kwa ajili ya mtu mmoja.

Simlaumu Kenyatta wa 1962, maana alizuiwa kwa hukumu ambayo shahidi wake mkuu alikuwa amekwisha kuikana. Lakini tukiziweka habari hizi mbili pamoja tunapata somo. Watawala wanajua vizuri sana kwamba rekodi ya jinai inaweza kumfungia mtu mlango hata baada ya adhabu kwisha, na wanajua jinsi ya kuufungua. Swali ni kwamba unafunguliwa kwa nani.

Sasa nije huku kwetu. Wasomaji wa rika langu wataikumbuka miaka ya mwanzo ya themanini. Sukari, sabuni, chumvi na nguo vilikuwa vya kupangia foleni kwenye maduka ya RTC na ya ushirika. Bei ziliwekwa na Tume ya Bei, iliyokuwapo tangu mwaka 1973, na kuuza kwa bei iliyozidi ilikuwa jinai. Machi 1983, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, ulianza msako mkubwa wa wahujumu uchumi na walanguzi. Zilitungwa sheria maalumu na mahakama maalumu. Watu wengine, kwa hofu, walitupa bidhaa zao usiku majini na majalalani. Nia ya Sokoine ilikuwa njema na wanyonge wengi walimpenda, lakini katika wavu ule walinaswa papa na dagaa pamoja. Mwaka 1984 ile sheria ya mwaka mmoja tu ikafutwa na nyingine ikatungwa mahali pake. Mwaka huo huo wafanyabiashara wakaruhusiwa kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni. Baadaye ikaja ruksa ya Mzee Mwinyi, na kufikia miaka ya tisini bei za bidhaa hizo zilikuwa zimeachwa zipangwe na soko lenyewe.

Jirani yangu mmoja alikuwa mmoja wa dagaa. Alikuwa na genge dogo, akakutwa akiuza sukari na miche ya sabuni kwa bei iliyozidi ile ya serikali. Alikiri mbele ya hakimu, akafungwa miezi minane, akaitumikia yote. Alipotoka alirudi kwenye michikichi yake, akawa anakamua mawese na kuyapeleka soko la Ujiji. Sijasikia tena neno baya juu yake. Kijiji kilimchagua kutunza fedha za mradi wa kisima, na hesabu zake zilisomwa mkutanoni bila malalamiko.

Mwaka 1997, vita vya Zaire vilipowavusha watu ziwa kwa maelfu na kambi ya Lugufu ilipofunguliwa, mashirika ya misaada yalikuwa yakitafuta watunza ghala, walinzi na madereva. Mshahara wake ulikuwa wa kutamanika. Jirani yangu akaomba kazi ya ghala katika shirika moja. Alikuja kwangu na fomu, tukaketi barazani. Swali la tisa liliuliza kama mwombaji aliwahi kutiwa hatiani mahakamani.

"Mwalimu, niandike nini hapa?" akaniuliza.

"Andika yaliyotokea," nikamwambia. "Nami nitaandika barua ya kukueleza."

"Lakini sabuni hiyohiyo leo inauzwa kwa bei yoyote, pale sokoni, mbele ya polisi."

"Ndiyo. Tuandike na hilo pia."

Tuliandika. Kazi hakupata, na aliyempa jibu alimwambia waziwazi kuwa mtu mwenye rekodi hapewi funguo za ghala. Alikuwa na watoto watano. Wawili kati yao walikuwa wamefaulu darasa la saba mwaka uliotangulia, na ada ya sekondari haikupatikana. Hilo ndilo gharama yenyewe. Hakimu wa mwaka 1983 alitoa hukumu ya miezi minane. Hakuna aliyewahukumu watoto wale, na hata hivyo walilipa sehemu yao miaka kumi na minne baadaye, kwa kosa ambalo nchi ilikuwa imekwisha kuacha kuliita kosa.

Mtu ataniambia kwamba mwajiri ana haki ya kuchagua. Ni kweli. Lakini hebu tuisome tena Katiba. Ibara ya 39 inayohusu sifa za mgombea urais, na ya 67 inayohusu ubunge, zinasema mgombea asiwe ametiwa hatiani kwa kosa la kukwepa kodi ya serikali katika kipindi cha miaka mitano kabla ya uchaguzi. Maana yake ni kwamba miaka mitano ikipita, aliyekwepa kodi anaweza kuomba kura za kuongoza nchi. Sipingani na jambo hilo. Ninaona kwamba watunga Katiba walikubali kanuni nzuri, kuwa hata kosa dhidi ya hazina ya taifa lina siku yake ya kuzeeka. Ninachouliza ni kwa nini saa hiyo ya miaka mitano imewekwa kwenye mlango wa Ikulu na wa Bunge, wala haikuwekwa kwenye mlango wa ghala la Lugufu.

Zipo nchi zilizoiweka. Uingereza, ambayo ndiyo iliyotuachia sehemu kubwa ya sheria zetu za jinai, ilitunga sheria yake mwaka 1974. Chini ya sheria hiyo hatia nyingi huhesabiwa kuwa zimekwisha baada ya muda fulani bila kosa jingine. Kwa mtu mzima, kama ilivyotungwa awali, faini ilikwisha baada ya miaka mitano, kifungo kisichozidi miezi sita baada ya miaka saba, na kifungo cha zaidi ya hapo hadi miezi 30 baada ya miaka kumi. Vijana walihesabiwa nusu ya muda huo. Kifungo kilichozidi miezi 30 hakikuwa na mwisho. Marekebisho yaliyofuata yamefupisha vipindi hivyo. Hatia ikiisha, mtu akiulizwa na mwajiri wa kawaida ana haki kisheria kujibu kwamba hana. Hahitaji kumjua waziri wala kungoja sikukuu ya taifa. Muda na mwenendo wake vinatosha. Tanzania haina sheria ya jumla ya namna hiyo. Kwa hesabu ile ya awali, miezi minane ya jirani yangu ingekwisha baada ya miaka kumi, naye angekuwa amekwisha kupita kipindi chake kabla ya kuijaza ile fomu.

Kama mwalimu, lazima niseme upande wa pili pia. Waingereza wenyewe waliweka kazi kadhaa nje ya ulinzi huo, na ualimu ni mojawapo. Anayeomba kukaa na watoto huulizwa hata yale ya zamani. Nakubaliana nao kabisa. Nimekuwa mkuu wa shule kwa miaka mingi, na mzazi anayeniachia binti yake bwenini ana haki ya kujua kwamba nimeuliza. Aliyemdhuru mtoto asipewe tena funguo za bweni, hata zipite sikukuu ngapi. Vilevile wapo walioumizwa, ambao hakuna karatasi inayoweza kuwaamuru wasahau. Wahenga waliposema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo, hawakuwa na maana kwamba kila jeraha limepona. Mganga huanza kwa kutazama ni jeraha la namna gani. Kwa hiyo sheria ninayoitamani isingefuta kila kitu kwa kila mtu. Ingetenganisha sabuni na damu, na ingetenganisha kazi ya ghala na kazi ya bweni.

Tena ingeanza na vijana. Kanuni za Beijing, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1985, zinataka kumbukumbu za mtoto aliyekosa ziwe siri, na zisitumike dhidi yake katika kesi nyingine atakapokuwa mtu mzima. Sheria yetu ya Mtoto ya mwaka 2009 imekataza mtoto kuhukumiwa kifungo na imeweka mahakama yake ya pekee. Ni hatua kubwa. Aliyefundisha darasa la saba kwa muda anajua sababu yake. Kijana wa miaka kumi na minne anayeiba embe, na baba wa miaka arobaini anayelima shamba lake kwa bidii, mara nyingi ni mtu mmoja.

Baada ya vijana yangefuata makosa yaliyokufa. Kodi ya maendeleo, iliyowakimbiza wanaume wengi vichakani waonapo mgambo, ilifutwa mwaka 2003. Bei za Tume ya Bei zimekuwa hadithi za wazee. Serikali inapofuta sheria ya namna hiyo, ingefaa ifute pamoja nayo athari za hatia zilizotokana nayo, badala ya kuliacha kovu juu ya mwananchi huku yenyewe imekwisha kuutupa upanga.

Wanahistoria wenzangu wataniuliza: ukiyafuta majalada, tutaandika nini? Hofu yao naielewa. Jalada la kesi ya Nyerere ya mwaka 1958 likichomwa, Tanganyika itakuwa imepoteza ushahidi wa jinsi ilivyopigania uhuru wake, na kumbukumbu za Kapenguria ni hazina ya Kenya nzima. Hata lile la muuza sabuni ni historia, kwa maana siku moja mwanafunzi wa chuo atataka kujua watu wadogo wa Kigoma waliishije mwaka 1983. Kwa hiyo sisemi majalada yachanwe. Yahifadhiwe, yapangwe vizuri, panya wasiyale. Lakini baada ya muda uliowekwa na sheria yahamishwe kutoka kabati la polisi kwenda kabati la nyaraka, yasomwe na anayetaka kuijua nchi, na yasiulizwe tena na anayetaka kuajiri mtunza ghala.